Pikipiki mpya, gari mpya: garaji ya kwanza haingoji mwezi uishe

TAHARIRI

Katika mtaa wa Lumumba, hapa mjini Bunia, pikipiki mpya inajulikana kwa mbali. Nailoni bado iko kwenye kiti, rangi ya tangi inang'aa, na anayeiendesha anapunguza mwendo kila anapoona dimbwi. Majirani wanampongeza, mmoja anauliza bei, mwingine anauliza kama kuna zingine zimebaki dukani. Swali moja haliulizwi: itapelekwa kwa fundi lini kwa mara ya kwanza?

Ukiliuliza, jibu la wengi ni kwamba pikipiki bado mpya, haina shida, fundi ni wa vyombo vilivyozeeka. Sisi tunaona jibu hilo ndilo linaloharibu injini nyingi kabla ya wakati wake, na wanaoumia zaidi ni watu wasio na pesa ya kununua nyingine. Chombo kipya kinahitaji fundi mapema kuliko kile kilichokwisha kuzoea barabara. Na kwa pikipiki ya taksi katika mji kama huu wetu, mapema maana yake ni wiki ya kwanza.

Hesabu ambayo haifanywi

Fungueni kitabu kinachokuja na pikipiki ndogo za India au China, zile za sentimita mchemraba 100 hadi 150 ambazo zinabeba watu na mizigo Ituri nzima. Tarakimu zinatofautiana kidogo kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, lakini huduma ya kwanza huwekwa kati ya kilomita 500 na 1,000 za mwanzo, au baada ya mwezi mmoja hivi. Kisha kuna maneno madogo ambayo wengi hawayasomi: kinachotangulia kati ya hivyo viwili.

Maneno hayo ndiyo yenye maana yote. Mwalimu anayeishi Lumumba na kufundisha karibu anaweza kutumia mwezi mzima kufikisha kilomita 500. Kwake mwezi ndio unaotangulia, na akienda kwa fundi mwisho wa mwezi amefanya vizuri. Motari hayuko hivyo. Tuseme anatembea kilomita 80 kwa siku, akipeleka abiria sokoni, Mudzipela, uwanja wa ndege, na kurudi. Siku ya saba amekwisha kupita kilomita 500. Akingoja mwezi uishe kama alivyosikia dukani, atafika kwa fundi akiwa na kilomita 2,400, karibu mara tano ya kipimo cha chini. Na hapo ni kama atakwenda kweli, kwa sababu mwisho wa mwezi una deni la nyumba na karo ya watoto.

Kwa hiyo kosa linaanzia kwenye neno moja. Muuzaji alisema «mwezi mmoja», mnunuzi akashika «mwezi mmoja», na kilomita zikasahauliwa. Mita ya kilomita ikiwa imeharibika, kama inavyotokea mara nyingi kebo inapokatika kwenye mashimo, hata kukumbuka hakuwezekani tena. Mtu wa namna hiyo ahesabu siku. Kama pikipiki inafanya taksi kutwa nzima, siku ya saba ni siku ya garaji.

Mafuta ya kwanza yanabeba nini

Wengine watasema haraka hii ni ya mafundi wanaotafuta kazi. Basi tueleze kinachotokea ndani ya injini.

Injini mpya inatoka kiwandani ikiwa na vyuma ambavyo bado havijazoeana. Ringi za pistoni zinasugua ukuta wa silinda, meno ya gia yanasugua meno ya gia, na katika kusuguana huko vipande vidogo sana vya chuma vinabanduka. Ndiyo rodaji. Ni jambo la kawaida na la lazima, na linafanyika zaidi katika kilomita mia chache za mwanzo. Vipande vile vinaingia katika mafuta ya injini, na mafuta yanavizungusha.

Gari ina filta ya karatasi inayonasa sehemu kubwa ya uchafu huo. Pikipiki nyingi ndogo hazina filta ya namna hiyo. Zina wavu mdogo wa chuma, na wavu unazuia vipande vikubwa tu. Vile vidogo vinaendelea kuzunguka na kukwaruza mahali pote mafuta yanapopita. Tena katika pikipiki hizi, mafuta yale yale yanalainisha injini, gia na klachi, au ambreyaji kama mafundi wetu wanavyosema. Uchafu wa sehemu moja unakuwa uchafu wa sehemu zote tatu. Dawa yake ni moja: kumwaga mafuta ya kwanza mapema, kusafisha wavu, na kutia mapya. Ndiyo vidanji ya kwanza, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu.

Mafuta yenyewe yana jambo la kuangalia. Kwa sababu klachi inaogelea ndani yake, mafuta ya gari hayafai kwa pikipiki kila mara. Mengine yana dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haipandi mlima. Kwenye kopo la mafuta ya pikipiki tafuteni maandishi JASO MA, au MA2. Ni alama inayoonyesha kwamba mafuta yanafaa kwa klachi ya namna hiyo. Asiyejua kusoma Kifaransa wala Kiingereza anaweza kuitambua alama.

Huduma ya kwanza haiishii kwenye mafuta. Cheni mpya inalegea baada ya siku chache, inahitaji kukazwa na kupakwa mafuta. Njiti za magurudumu zinalegea. Nati zilizofungwa wakati pikipiki inatolewa kwenye boksi na kuunganishwa zinahitaji kukaguliwa moja moja, hasa za gurudumu na za usukani. Breki zinarekebishwa. Nafasi ya valvu inapimwa. Mwenye kufanya vidanji tu na kuondoka amefanya nusu ya kazi.

Na katika wiki hiyo ya kwanza kabla ya garaji, kuna namna ya kuendesha. Kusifunguliwe gesi mpaka mwisho, mwendo ubadilishwe badilishwe, injini isilazimishwe kupanda ikiwa na mzigo. Sisi sote tunajua tunachokiona: pikipiki yenye siku mbili, abiria watatu, gunia la unga kwenye tangi. Kijana anajaribu kurudisha pesa haraka, na haraka hiyo inakula mtaji wake mwenyewe.

Barabara yetu imeandikwa kitabuni

Wenye magari wanaweza kudhani hili ni jambo la pikipiki. Gari mpya kweli, zilizotoka kiwandani bila kutumiwa na mtu, si nyingi Bunia. Nyingi ni za mashirika, za serikali, za kampuni na za wafanyabiashara wachache. Injini za magari ya siku hizi zimesuguliwa vizuri kiwandani, na watengenezaji wengi hawadai vidanji ya haraka kama ya pikipiki. Wanachodai mara nyingi ni ukaguzi wa mwanzo, karibu na kilomita 1,000, kuangalia kama kuna kinachovuja au kulegea. Kisha mafuta hubadilishwa kwenye kilomita 10,000, au mapema zaidi kulingana na injini.

Lakini vitabu hivyo vina ukurasa mwingine, wa matumizi katika hali ngumu. Hapo kilomita 10,000 zinashuka, kwa magari mengi, hadi 5,000. Na hali ngumu ni ipi? Barabara ya vumbi. Barabara ya matope. Mzigo mzito. Safari fupi fupi ambazo injini haipati moto sawasawa. Injini kuunguruma muda mrefu gari ikiwa imesimama. Mtengenezaji hakuijua barabara ya Komanda wala ya Kasenyi, lakini aliyeandika ukurasa ule aliandika habari zetu. Kwetu ukurasa wa hali ngumu ndio wa kila siku, na ule wa kawaida ni wa watu wa nchi nyingine.

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Kuanzia Disemba hadi Februari, jua linapokausha barabara, gari inayofuata lori kwenye RN27 inavuta wingu jekundu kilomita baada ya kilomita. Filta ya hewa inaziba. Ikiwa imekaa vibaya, vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga kama msasa. Gari mpya ya kiangazi ifunguliwe filta ya hewa kila wiki, hata kama kitabu kinasema miezi.

Jambo la pili linahusu hali yetu ya usalama. Magari yetu yanasimama sana huku injini inawaka: kwenye vizuizi, kwenye daraja lililoharibika, kwenye kungoja msafara unaosindikizwa na askari. Mita ya kilomita haihesabu hayo. Gari inaweza kuonyesha kilomita 3,000 ilhali injini imefanya kazi ya 5,000. Ndiyo maana mashine za ujenzi na jenereta zinahesabiwa kwa saa. Dereva anayefanya njia za namna hiyo aongeze saa za kusimama katika hesabu yake.

La tatu ni kile tunachotia kwenye tangi. Esansi na mazutu ya bidoni, ya kadafi wa kando ya barabara, mara nyingine yana maji na mchanga. Injini za dizeli za kisasa zinapulizia mazutu kwa shinikizo kubwa sana kupitia matundu madogo mno, na maji kidogo tu yanaweza kuziharibu. Chini ya filta ya mazutu huwa kuna mahali pa kutolea maji. Mwenye gari mpya ajue pako wapi, na afungue mapema kabla taa ya dashibodi haijawaka.

«Mpya» ya Bunia

Tunaposema gari mpya mjini kwetu, mara nyingi tunamaanisha gari mpya kwetu. Ilitumika Japani miaka kumi au zaidi, ikashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, ikapita Uganda, ikaingia kwa Mahagi, Aru au Kasindi. Imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja barabarani kabla ya kufika kwa mwenyewe, ikiendeshwa na mtu asiye na mapenzi nayo.

Kwa gari hiyo, huduma ya kwanza ni siku ya kufika. Usihesabu kilomita, kwa sababu hujui hesabu ilianzia wapi, na mita inaweza kurudishwa nyuma. Mafuta ya injini, filta zake zote, maji ya kupoza, mafuta ya breki: vyote vibadilishwe au vikaguliwe kabla ya kazi ya kwanza. Ukifungua boneti au mlango wa dereva, unaweza kukuta karatasi ndogo iliyobandikwa yenye maandishi ya Kijapani. Usiing'oe. Mara nyingi inaonyesha mafuta yalibadilishwa kwenye kilomita ngapi, na nyingine inaonyesha mkanda wa valvu ulibadilishwa lini. Tarakimu zinasomeka kwa kila mtu. Kama injini yako inatumia mkanda wa mpira na hakuna alama yoyote kwamba umebadilishwa, usisafiri nayo hadi fundi aangalie. Katika injini nyingi, mkanda ukikatika, valvu na pistoni vinagongana, na hapo unatafuta injini nyingine.

Nani anapoteza

Tumezungumza vyuma, sasa tuzungumze watu. Motari wengi wa Bunia hawaendeshi pikipiki yao wenyewe. Mwenye pikipiki ni mfanyakazi wa serikali, mama mfanyabiashara, kaka aliye nje, na kijana anamletea kila jioni pesa waliyokubaliana, versement. Wengine wako katika mpango wa kulipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yao. Katika mapatano hayo, mambo mengi yanasemwa: kiasi, siku ya mapumziko, nani analipa faini. Mara nyingi jambo moja linaachwa: nani ananunua mafuta ya injini, na siku ya garaji versement inahesabiwaje.

Likiachwa, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mwenye pikipiki anasema anayeendesha ndiye anayejua. Anayeendesha anasema pikipiki si yake. Mafuta yanageuka meusi, yanapungua, na siku moja injini inaanza kutoa moshi wa buluu. Hapo ndipo ugomvi unaanza, na ugomvi huo unaishia kwa chifu wa mtaa au polisi. Kijana anapoteza kazi na mwenyewe anapoteza mtaji. Kilichokosekana ni lita moja hivi ya mafuta na saa chache za asubuhi moja. Kila mwenye pikipiki afanye hesabu mwenyewe: bei ya lita hiyo ni versement ya siku ngapi, na bei ya kufungua injini ni versement ya miezi mingapi?

Tena kuna hasara isiyolipika kwa faranga. Chombo kikiharibika kwenye boulevard de Libération, unakisukuma hadi kwa fundi huku watu wanacheka. Kikiharibika jioni kati ya Bunia na Mahagi, katika sehemu za Djugu ambako watu wenye silaha wamewahi kuwashambulia wasafiri mara nyingi, huo ni mkasa mwingine. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kila mzazi anajua ni saa ngapi anaanza kupiga simu ikiwa mtoto hajafika. Kuhudumia chombo mapema ni sehemu ya usalama wa safari, kama vile kuulizia habari za njia kabla ya kuondoka.

Tunachoomba

Kwa wauzaji: msiseme «mwezi mmoja» peke yake. Semeni kilomita, na mziandike kwa kalamu kubwa kwenye fakitira, kwa Kiswahili. Vitabu vingi vya pikipiki huja na kuponi za huduma za mwanzo, ambapo kazi ya fundi ni bure na mteja ananunua mafuta tu. Kama kuponi zipo, mteja aonyeshwe na aambiwe ni garaji gani inazikubali. Kama hazikubaliwi Bunia, aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Mwenye gari yenye garanti naye aelezwe kwamba garanti hushikwa na kitabu kilichopigwa mhuri kila huduma.

Kwa wenye pikipiki: andikeni katika mapatano kwamba siku ya saba ni ya garaji na haina versement. Kisha wekeni siku nyingine kila mwezi. Kwa kilomita 80 kwa siku, siku 25 ni kilomita 2,000, na huo ni wakati mzuri wa kubadilisha tena mafuta ya pikipiki ndogo inayokula vumbi letu. Mkifanya hivyo hamtapoteza. Mtakuwa mmelipia chombo chenu wenyewe.

Kwa ACCO na vyama vya motari: mna mikutano, mna viongozi kwenye kila parkingi, mna sauti kuliko gazeti. Mafunzo ya asubuhi moja juu ya rodaji na vidanji ya kwanza yanaweza kufanyika palepale chini ya mti, fundi akiwa na pikipiki moja iliyofunguliwa. Kijana akiona kwa macho yake mafuta ya wiki ya kwanza yanavyometameta kwa unga wa chuma, hatahitaji hotuba.

Kwa mafundi: msitumie tahadhari hii kuuza kisichohitajika. Gari mpya haihitaji kuoshwa injini kwa dawa, wala kuongezewa chupa za miujiza. Mteja akiona mafuta ya zamani yakitoka na mapya yakiingia kutoka kopo lililofunguliwa mbele yake, atarudi.

Tunajua kuna watakaosema: tengenezeni barabara kwanza. Wana haki, na tutaendelea kuidai barabara nzuri. Polisi ya roulage wanauliza karatasi kila siku, na kodi za magari zinalipwa. Raia ana haki ya kuuliza pesa inakwenda wapi. Lakini lami haitafika kabla ya siku ya saba ya pikipiki iliyonunuliwa leo asubuhi.

Basi aliyenunua leo achukue kalamu ya rangi, aandike upande wa ndani wa kifuniko cha betri tarehe ya kununua, kilomita za siku hiyo, na tarehe ya siku ya saba. Aandike pia jina la atakayelipa mafuta. Nailoni ya kiti anaweza kuiacha kadiri anavyopenda.